Rudolf Diesel na Mashini ya Mazutu

Lori lenye mizigo likitoka Bukavu kwenda Uvira hupita Nyangezi, hutelemka mlima wa Ngomo, hufika Kamanyola, kisha hushika njia ya uwanda wa Ruzizi mpaka Luvungi. Watu wa Luvungi hulisikia kabla ya kuliona. Mashini yake hugonga ta-ta-ta-ta, kama kwamba ndani yake wamo wahunzi wanaopiga chuma kwa nyundo. Mgeni asiyejua motokari hudhani kwamba mashini hiyo ni mbovu. Sivyo. Mashini ya mazutu hugonga hata ikiwa nzima kabisa, na kuna sababu yake. Sababu hiyo ilitoka katika fikira za mtu mmoja, Rudolf Diesel. Katika lugha nyingi za dunia mashini yenyewe huitwa kwa jina lake, na mafuta yake pia.

Rudolf Diesel alizaliwa katika mji wa Paris, nchi ya Ufaransa, tarehe 18 Machi 1858. Wazazi wake hawakuwa Wafaransa. Walikuwa watu wa Bavaria katika Ujerumani. Baba yake, Theodor, alikuwa fundi wa ngozi. Alitengeneza mikoba na vitu vingine vya ngozi, na mtoto Rudolf alipewa kazi ya kuvipeleka kwa wanunuzi kwa kigari cha kusukuma. Nyumba yao haikuwa na mali. Lakini Paris kulikuwa na nyumba kubwa ya kuhifadhi mashini za zamani, na Rudolf alipenda kuingia humo. Humo alitazama gari la mvuke lililotengenezwa na Mfaransa Cugnot karibu miaka 100 kabla ya siku zile, akalichora katika daftari lake.

Mwaka 1870 Rudolf alikuwa na miaka 12. Alikuwa mwanafunzi hodari, na alikuwa ametunukiwa nishani. Ndipo vita vikatokea kati ya Ufaransa na Ujerumani. Wajerumani waliokaa Paris wakaamriwa kuondoka. Baba, mama na watoto wakaacha karakana na vyombo vyao, wakakimbilia London. Huko kazi ilikuwa haba na chakula kidogo. Wazazi wakaona kwamba mtoto huyu wa akili atapoteza masomo yake. Wakamtuma peke yake mpaka Augsburg, mji wa baba yake, kwa ndugu aliyekuwa mwalimu wa hesabu. Safari ilikuwa ya siku nane, kwa meli na kwa gari la moshi, wakati wa vita, katika majira ya baridi. Mtoto akafika.

Katika Augsburg alisoma kwa bidii sana. Alipokuwa na miaka 14 aliwaandikia wazazi wake kwamba anataka kuwa mhandisi, maana yake mtu wa kubuni na kuunda mashini. Wazazi hawakufurahi. Walitaka amalize upesi, aanze kazi na kuwasaidia, kwa kuwa walikuwa maskini. Lakini alikuwa wa kwanza katika darasa lake, na mwaka 1875 akapewa nafasi ya kusoma katika shule kuu ya ufundi ya München bila kulipa.

Huko alifundishwa na Profesa Carl von Linde, yule aliyejulikana kwa mashini zake za kutengeneza barafu. Siku moja profesa aliwaeleza wanafunzi habari za mashini ya mvuke. Wakati ule treni, meli nyingi na viwanda vingi viliendeshwa kwa mvuke. Profesa aliwaonyesha kwa hesabu kwamba ukichoma makaa yenye mafungu 100 ya joto, mashini ya mvuke hutumia mafungu 10 tu kwa kazi, mara nyingi hata chini ya 10. Mafungu 90 na zaidi hupotea bure. Ni kama mama anayenunua gunia la makaa, akapikia vipande vichache, na mengine yote akayamwaga njiani. Wanafunzi wengine walisikia, wakaandika, wakaenda zao. Diesel hakuweza kusahau. Tangu siku ile alitafuta njia ya kutengeneza mashini isiyopoteza joto namna hiyo.

Mwaka 1879 alipatwa na homa ya matumbo, akakosa mtihani wa mwisho. Alipopona hakukaa bure kungoja mtihani mwingine. Alikwenda Uswisi, katika kiwanda cha Sulzer, akafanya kazi kwa mikono yake. Mwanzoni mwa mwaka 1880 akafanya mtihani na kuushinda kwa sifa kubwa. Kisha alirudi Paris kusimamia mashini za barafu za mwalimu wake Linde. Mwaka 1883 alimwoa Martha Flasche, nao wakapata watoto watatu, Rudolf, Hedy na Eugen. Mchana alifanya kazi ya barafu. Usiku alikaa na karatasi zake, akipiga hesabu za mashini yake mpya. Aliendelea hivyo miaka mingi.

Fikira yake ilikuwa nini? Mwenye baiskeli anaweza kuifahamu upesi. Ukijaza upepo katika gurudumu kwa pampu, ukisukuma kwa nguvu na kwa haraka, mwisho wa pampu hupata moto. Hakuna mtu aliyewasha moto pale. Hewa ikishindiliwa mahali padogo hupata joto yenyewe. Basi Diesel alisema moyoni mwake kwamba kama hewa ikishindiliwa kwa nguvu nyingi zaidi ndani ya silinda ya chuma, itapata moto kiasi cha kuwasha mafuta. Haitahitaji cheche wala kiberiti. Mafuta yatarushwa ndani ya hewa ile ya moto, yatawaka yenyewe, nayo yatasukuma pistoni.

Mashini ya esansi haifanyi hivyo. Yenyewe huvuta hewa na esansi pamoja, huzishindilia kidogo, kisha cheche ya umeme huziwasha. Kwa sababu hiyo motokari ndogo za esansi huunguruma kwa ulaini. Lakini katika mashini ya Diesel mafuta yakiingia hayawaki mara moja. Hungoja kidogo sana, muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Wakati huo mafuta mengine yanazidi kuingia. Kisha yote yaliyojikusanya huwaka kwa pamoja na kumpiga pistoni kichwani. Pigo hilo ndilo mlio wa ta-ta-ta unaosikika njiani.

Mwaka 1892 Diesel aliomba hati ya serikali ya kulinda uvumbuzi wake, na mwaka 1893 akatoa kitabu cha kuueleza. Wataalamu wengi walisema haiwezekani; hakuna chuma kitakachovumilia nguvu ya hewa kiasi hicho. Hata hivyo kiwanda cha mashini cha Augsburg kikakubali kumjaribia, na kiwanda cha Krupp kikasaidia kwa fedha.

Tarehe 10 Agosti 1893 walijaribu mara ya kwanza. Mashini ilikuwa ndefu, silinda moja imesimama, urefu wake kama meta tatu. Ilizungushwa kwa mkanda uliotoka kwenye mashini nyingine ya kiwanda. Mafuta yakaingia, pakatoka mshindo mkubwa kama bunduki. Chombo cha kupimia nguvu kilichofungwa juu ya silinda kikapasuka, vipande vyake vikaruka hewani. Kidogo tu Diesel na wenzake wangeuawa. Mtu mwingine angaliogopa na kuacha. Diesel alifurahi, kwa maana mafuta yalikuwa yamewaka bila cheche. Hesabu yake ilikuwa ya kweli. Lakini mashini haikuweza kuzunguka yenyewe. Wakaifungua yote, wakaanza kuitengeneza upya.

Kazi hiyo ikachukua miezi. Tarehe 17 Februari 1894 wakajaribu tena, mkanda ukivuta mashini kama kawaida. Diesel alikuwa akitazama vipimo vyake. Fundi mmoja wa kiwanda alikuwa akiuangalia mkanda, akaona jambo ambalo bwana mkubwa hakuliona: sasa mkanda haukuivuta mashini tena, mashini ndiyo iliyouvuta mkanda. Fundi hakusema neno. Alivua kofia yake kwa heshima, na kwa ishara hiyo Diesel akajua kwamba mashini yake imeanza kwenda yenyewe. Ilizunguka mara 88 katika dakika moja. Diesel aliyasimulia hayo mwenyewe baadaye, naye hakuona haya kukiri kwamba fundi yule alijua kabla yake. Katika kazi ya mashini, aliyekaa nayo kila siku ndiye anayesikia na kuona kwanza.

Ikapita miaka mitatu mingine ya kubadili hiki na kile: pistoni, valvu, na hasa namna ya kurusha mafuta. Mwezi wa Februari 1897 Profesa Moritz Schröter wa München alikuja kuipima mashini mbele ya watu. Katika mafungu 100 ya joto la mafuta, ilitumia kwa kazi mafungu 26. Hakuna mashini nyingine ya moto iliyokuwa imefika huko. Habari zikaenea katika nchi nyingi. Tajiri mmoja wa Marekani, mtengenezaji wa bia, alitoa mark milioni moja kwa ruhusa ya kuziunda huko kwao. Yule mtoto wa kigari cha kusukuma akawa tajiri, akajenga nyumba kubwa München.

Lakini mashini iliyo nzuri karakanani, mikononi mwa mabingwa, si kitu kimoja na mashini iliyouzwa kwa watu. Mojawapo ya zile za kwanza ilipelekwa Kempten, katika kiwanda cha viberiti. Ni ajabu kidogo, mashini isiyotaka kiberiti kwenda kufanya kazi ya viberiti. Muda si muda malalamiko yakaanza kutoka pande zote. Mashini zilisimama ghafula. Zilitoa moshi mweusi. Zilizoundwa bila uangalifu zikarudishwa kwa wenyewe, na wanunuzi wakadai fedha zao. Adui za Diesel wakasema kwamba uvumbuzi wake si kitu, na wengine wakasema si wake. Mwaka 1898 akili yake ikachoka, akaugua, ikambidi kulazwa. Wakati ule wahandisi na mafundi wa Augsburg, mmoja wao Imanuel Lauster, waliendelea na kazi ya subira. Walichunguza kila ubovu mmoja mmoja, wakautafutia dawa, mpaka mashini ikawa ya kuaminika. Bila wao jina la Diesel huenda lingesahauliwa.

Mwaka 1900 palikuwa na maonyesho makubwa Paris, katika mji ule ule alikofukuzwa alipokuwa mtoto. Mashini yake ikapewa tuzo kuu. Mashini moja ndogo iliyoonyeshwa pale haikutumia mafuta ya ardhini. Ilikwenda kwa mafuta ya karanga, na wengi waliopita hawakujua tofauti. Serikali ya Ufaransa ilitaka kujua kama watu wa Afrika wangeweza kuendesha mashini kwa mafuta ya mashamba yao wenyewe. Jambo hilo lilimpendeza Diesel, naye alilikumbusha tena mwaka 1912. Baada ya kufa kwake, Mbelgiji mmoja, Profesa Chavanne wa Bruxelles, alipata njia ya kubadili mafuta ya mawese yafae kwa mashini hizo. Hati yake ni ya mwaka 1937. Mwaka 1938 basi moja lilikwenda kati ya Bruxelles na Leuven kwa mafuta hayo. Lakini asidanganyike mtu kumimina mawese ya sokoni ndani ya tangi la lori. Mawese hayo huganda, huziba chujio, na huharibu vidude vya kurusha mafuta.

Mwaka 1912 meli kubwa ya Denmark, jina lake Selandia, ilivuka bahari kwa mashini za Diesel. Haikuwa na makaa wala watu wa kutia makaa. Ungedhani mwenye uvumbuzi huo aliishi kwa raha. Sivyo ilivyokuwa. Mali yake alikuwa ameiweka katika viwanja na katika visima vya mafuta, ikapotea. Alikuwa na madeni mazito, naye aliwaficha watu wa nyumbani mwake.

Tarehe 29 Septemba 1913 jioni alipanda meli Dresden huko Antwerpen ili aende Uingereza kwa shughuli za kiwanda. Alikula chakula cha jioni pamoja na wenzake wawili, wakaagana, kila mtu akaenda chumbani kwake. Aliomba aamshwe mapema asubuhi. Kulipokucha hakuonekana. Kitanda chake hakikulaliwa. Kofia na koti lake vilikutwa juu ya meli, karibu na ukingo. Siku kumi baadaye mabaharia wa Uholanzi waliona maiti baharini. Walitoa vitu vilivyokuwa mifukoni, na maiti ikarudishwa majini. Mwanawe Eugen alipoonyeshwa vitu vile alivitambua kuwa ni vya baba yake. Rudolf Diesel alikuwa na miaka 55. Watu wengi walidhani kwamba madeni yalimvunja moyo, wengine walisema mengine. Hakuna aliyeona kilichotokea usiku ule, ila Mungu.

Alikufa kabla ya malori yanayoendeshwa na mashini yake kuenea. Mashini za siku zake zilikuwa kubwa mno, kwa sababu zilirusha mafuta kwa nguvu ya hewa kutoka mtambo mwingine uliofungwa kando. Malori ya kwanza ya mazutu yalitokea Ujerumani mwaka 1924. Mwaka 1927 kiwanda cha Robert Bosch kilianza kutoa pampu ndogo ya kurusha mafuta yenyewe bila hewa, na tangu hapo malori hayo yakaenea dunia nzima. Hata meli Liemba ya ziwa Tanganika, iliyoundwa mwaka 1913 kwa mvuke, ilitiwa mashini za mazutu katika miaka ya 1970.

Basi dereva wa mazutu hana budi kujua sauti ya mashini yake kama mchungaji ajuavyo sauti ya ng'ombe wake. Asubuhi ya baridi mashini hugonga kwa ukali, kwa kuwa chuma ni baridi na mafuta hukawia kuwaka. Ikipata moto, mlio hupungua. Huo si ugonjwa. Ikigonga kwa taabu katika mlima na kutoa moshi, pengine kosa ni la dereva mwenyewe aliyekataa kushusha gia.

Ugonjwa ni mlio uliobadilika. Kama mashini ilikwenda vizuri jana, na leo baada ya kununua mafuta ya chupa kando ya njia inagonga vibaya, inafaa kuyashuku mafuta. Wako wauzaji wanaochanganya mazutu na esansi. Esansi huchelewa kuwaka ndani ya mashini hiyo, kwa hiyo pigo huwa kali, na tena huikausha pampu. Dawa ni kumwaga yote yaliyo katika tangi, kusafisha, kubadili chujio, na kutia mazutu safi.

Kama zinagonga silinda zote kwa ukali hata mashini ikiwa na moto, huenda pampu inarusha mafuta mapema mno, nayo irudishwe kwenye alama zake na fundi mwenye vipimo. Ikigonga silinda moja tu, na moshi mweusi ukatoka, mara nyingi kidude cha kurushia mafuta cha silinda ile kinadondosha matone mahali pa kunyunyiza. Katika malori ya zamani fundi hulegeza bomba za mafuta moja moja, mashini ikinguruma polepole. Pale mlio unapokoma, ndipo penye ugonjwa. Hukitoa kidude hicho, hukisafisha na kukijaribu, au hukibadili. Lakini hakuna anayeweka mkono mbele ya mafuta yanayorushwa, maana yanaweza kupenya ngozi na kuingia mwilini. Na magari mapya yenye pampu za nguvu nyingi sana hayafunguliwi hivyo kamwe.

Mlio mwembamba wa ti-ti-ti kutoka juu hutoka kwenye valvu. Kwanza hutazamwa kama mafuta ya kulainisha yanatosha. Yakiwa yanatosha, nafasi ya valvu hupimwa kwa kibati chembamba na kukazwa sawasawa na kitabu cha mashini hiyo. Mkanda unaolia kama ndege umelegea au umekwisha. Ngurumo kubwa kutoka chini ya gari ni bomba la moshi lililotoboka. Hulichomelea, wala si jambo la kuogopa.

La kuogopa ni pigo zito, du-du-du, kutoka tumboni mwa mashini. Hapo beringi za mkono wa pistoni zimeliwa, na mara nyingi sababu ni mafuta ya kulainisha yaliyopungua au kuchakaa. Dereva huzima mara ile ile, hata akiwa mbali na mji, hata abiria wakinung'unika. Akiendelea kilometa chache tu, mkono unaweza kukatika na kutoboa ubavu wa mashini, na mashini yote imekwisha. Kuongeza mafuta wakati huo hakurudishi chuma kilicholiwa. Lori huvutwa mpaka garaji. Bakuli la chini hufunguliwa, beringi mpya hutiwa, na mti wa chuma unaozizungukia husuguliwa kama umekwaruzwa. Kisha hutiwa mafuta mapya na chujio jipya, na mashini huachwa inguruma polepole, fundi akiisikiliza, kabla ya lori kupakiwa mzigo.